Kuku Huota Seli za Masikio, Binadamu Je?

Msomaji, ikiwa umewahi kupeleka mahindi kwenye kinu pale Matulo ukalazimika kumpigia msagaji kelele ilhali yuko hatua moja tu kutoka ulipo, jua kwamba masikio yenu nyote wawili yalikuwa hatarini. Wewe utaondoka na unga wako baada ya dakika kumi. Yeye hushinda hapo kutwa.

Kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Ni vinu vingapi vinavyopimwa? Jibu nakuachia wewe.

Ndani ya kila sikio mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Kwetu binadamu zikifa hazioti tena. Kuku, huyu huyu tunayemchinjia mgeni, ametushinda: mwaka wa 1988 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli zake zilizouawa na kelele huota upya.

Siku hizi watafiti wanachunguza pia seli ziitwazo perisaiti. Hizi hukumbatia vishipa vyembamba kabisa vya damu, na katika sikio la ndani husaidia kuzuia sumu isipenye kutoka kwenye damu. Kelele kali huzibandua, vishipa vikaanza kuvuja. Mwaka wa 2008 ilionekana kwamba perisaiti za binadamu zikikuzwa maabarani zaweza kugeuka mfupa, gegedu au mafuta, na hapo wengi wakaanza kuziita seli shina. Lakini mwaka wa 2017 watafiti wengine walizifuatilia ndani ya panya hai, wakaona hazigeuki hivyo.

Kwa hiyo, akija mtu na sindano ya "seli shina" ya kuponya uziwi, akitaka uuze ng'ombe, usiuze. Hakuna tiba ya namna hiyo iliyothibitishwa.

Msagaji na avae vikinga masikio vya kiwandani. Pamba haisaidii kitu. Masikio yakivuma baada ya kwinini au sindano za jentamisini, mwambie daktari wako mara moja. Na ukiamka sikio moja halisikii ghafla, hata kama huna maumivu, fika hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa zilizopo hufaa zaidi zikianzwa mapema.