Elimu ya Juu Ivuke Bahari

Mwezi wa Machi mwaka 2020 vyuo nchini Tanzania vilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na mwezi wa Juni vikafunguliwa tena. Katika miezi ile dunia ilijifunza kwamba mwalimu anaweza kusomesha bila ya kukaa na mwanafunzi wake chini ya paa moja. Ilijifunza pia kwamba mwanafunzi asiye na kompyuta, umeme wala fedha ya kifurushi huachwa nje ya mlango. Yote mawili hayafai kusahauliwa kwa sababu tu milango imefunguliwa.

Visiwani kwetu jambo hili si la anasa. Kijana wa Tumbatu, wa Kojani au wa Kisiwa Panza huvuka maji kabla ya kuvuka kizingiti cha chuo. Muuguzi wa zamu ya usiku, mvuvi anayefuata bamvua na maji mafu, mama mwenye mtoto mchanga, hao wote akili wanayo. Wasichokuwa nacho ni wasaa wa kuwamo darasani kila siku saa mbili za asubuhi.

Wala kumfuata msomaji alipo si jambo geni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, husomesha kwa njia ya masafa. Nasi tuliosoma kwa maalim katika vyuo vya Kurani tunakumbuka: mmoja yuko kwenye alifu, mwenziwe yuko Juzuu Amma, na aliyekwenda kuchuma karafuu alirejea akaendelea pale alipoachia. Hakufukuzwa, wala hakurudishwa mwanzo.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, masomo yarekodiwe na yaandikwe, na nakala za karatasi ziwekwe katika skuli za karibu kwa asiye na simu. Asiyeona na asiyesikia nao wapate yao kwa namna inayowafaa. Pili, mitihani ifanywe karibu na wanafunzi, kwa usimamizi ule ule. Tatu, anayelazimika kusimama masomo aendelee baadaye bila ya kupoteza aliyokwisha kufaulu.

Wapo watakaosema kuwa huko ni kushusha hadhi ya shahada. Hatukubaliani nao. Hadhi ya shahada imo katika mtihani, haimo katika kiti. Ni kweli kwamba mganga hafundishwi upasuaji kwa simu. Kazi ya mikono ibaki katika maabara, karakana na hospitali. Lakini yanayoweza kusafiri yasafiri.

Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo, ili ufukara usiwe kizuizi cha mtoto wa mnyonge. Wajibu wa kizazi chetu ni kuhakikisha kwamba bahari nayo haiwi kizuizi.