Uzoefu wa wasafiri wa meli katika Ziwa Viktoria

Safari za meli katika Ziwa Viktoria (pia: Ziwa Nyanza) ni usafiri wa abiria na mizigo kati ya bandari na visiwa vya ziwa hilo katika nchi za Tanzania, Uganda na Kenya. Upande wa Tanzania njia zinazojulikana zaidi ni ile ya Mwanza hadi Bukoba na ile ya Mwanza hadi Nansio katika kisiwa cha Ukerewe. Abiria wanaosafiri mara kwa mara katika njia hizo wamejifunza mambo mengi kuhusu mizigo, kulala, kichefuchefu na usalama, na mengi kati ya hayo yana sababu za kisayansi au yametokana na ajali zilizowahi kutokea.

Kwa wakazi wa maeneo ya ndani, elimu hiyo si ya kurithi. Mfano ni Kolandoto, kata ya Manispaa ya Shinyanga inayojulikana kwa hospitali yake iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1913 na kwa chuo chake cha afya. Ni nchi kavu ya pamba, mtama na ng'ombe. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yanafika Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele katika wilaya ya Misungwi, hivyo wapo watu wengi wanaoyanywa maji ya ziwa kila siku bila kuwahi kupanda chombo chochote juu yake. Mtoto wa Ukerewe hupanda mtumbwi kabla ya kuanza shule. Mtu wa Shinyanga huweza kupanda meli kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 40, tena usiku.

Historia fupi

Meli za mvuke zililetwa ziwani vipandevipande na kuunganishwa Kisumu, ambako reli kutoka Mombasa ilifika mwaka 1901. Mwanza ilipata reli yake mwaka 1928, na njia hiyo inapita Tabora na Shinyanga. Tangu hapo abiria wa bara waliweza kushuka kwenye treni na kupanda meli katika mji uleule.

Meli iliyokaa muda mrefu zaidi katika kumbukumbu za wasafiri ni MV Victoria. Ilitengenezwa Uskoti, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Baada ya ukarabati mkubwa ilirudi majini mwaka 2020 kwa jina la MV New Victoria, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Meli kubwa kuliko hiyo, MV Mwanza, ilishushwa majini Februari 2023. Ina urefu wa zaidi ya mita 92 na imekusudiwa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari.

Wasomaji wanaodhani kwamba meli kubwa za kitalii za Ulaya ni dunia nyingine kabisa wanaweza kukumbuka MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, na karakana hiyohiyo baadaye ikawa maarufu kwa kujenga meli za kitalii zenye urefu wa zaidi ya mita 300. Sheria za maumbile zinazoiendesha meli ya watalii 5,000 ndizo zinazokiendesha kivuko cha abiria 100.

Kupanga safari

Kutoka Kolandoto msafiri hupanda basi la barabara ya Mwanza, hupita Misungwi na Usagara, na kwa kawaida hufika mjini baada ya saa mbili au tatu. Meli za abiria hutumia bandari ya Mwanza Kaskazini. Safari ya Bukoba kwa desturi ni ya usiku: abiria hupanda jioni na kuamka Bukoba. Wazoefu hufika bandarini mapema, si kwa sababu ya nafasi ya kukaa tu, bali ili kuona mizigo inavyopakiwa. Faida ya jambo hilo itaonekana hapa chini.

Ipo pia njia ya nchi kavu ya kwenda Bukoba, kupitia Geita, Chato, Biharamulo na Muleba. Zamani basi la kutoka Mwanza kwenda Geita lilisubiri pantoni kati ya Kigongo na Busisi, mara nyingine kwa saa nyingi. Tangu Juni 2025 magari hupita juu ya daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3. Kwa mwenye haraka, basi linatosha. Meli imebaki kipenzi cha wafanyabiashara wa ndizi, kahawa, mchele na bidhaa za dukani, cha familia zenye watoto, na cha wazee wasiopenda kukunja magoti kwenye kiti cha basi siku nzima.

Kuhusu mizigo, ushauri wa wazoefu ni mfupi: mzigo mkubwa uandikishwe na kuteremshwa chini, na mkononi kibaki kifurushi kimoja chenye shuka au sweta, maji ya kunywa yaliyochemshwa, chakula chepesi, tochi, dawa na kitambulisho. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa usiku juu ya sitaha huwashangaza wale waliotoka Shinyanga kwenye joto la mchana wakiwa na shati jepesi.

Mawimbi na kichefuchefu

Watu wengi huamini kwamba ziwa haliwezi kuchafuka kama bahari. Si kweli. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na pepo kutoka kandokando zote huelekea katikati ya ziwa, hukutana na kupanda juu. Ndiyo maana ngurumo na mvua kubwa juu ya Ziwa Viktoria hutokea zaidi usiku na alfajiri, saa zilezile ambazo meli ya Bukoba iko njiani. Meli kubwa hustahimili hali hiyo, lakini tumbo la abiria si lazima.

Kichefuchefu cha safari hutokea ubongo unapopata habari mbili zinazopingana. Sikio la ndani huhisi mwendo, ilhali macho yanayotazama ukuta wa chumba au skrini ya simu huona kwamba hakuna kinachosogea. Dawa ya kwanza, basi, ni kuyapa macho habari iliyo sahihi: kutoka nje na kutazama upeo wa macho au taa za pwani. Jambo la pili ni mahali pa kukaa. Meli hupanda na kushuka kama pembea ya watoto. Ncha zake, yaani omo na tezi, husogea sana, na katikati husogea kidogo. Kwa sababu hiyo chumba cha juu chenye dirisha zuri kinaweza kuwa kibaya zaidi kuliko benchi la katikati lililo karibu na usawa wa maji. Wazoefu hula kidogo kabla ya safari badala ya kufunga kabisa, kwani tumbo tupu nalo husumbua. Wengine hutafuna tangawizi. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu hufanya kazi vikimezwa kabla ya meli kuondoka. Aliyekwisha kuanza kutapika hachelewi kukitapika na kidonge. Mjamzito na mwenye mtoto mdogo anapaswa kumuuliza mfamasia kwanza.

Uzito wa chombo

Haya yote ni ya starehe. Jambo ambalo msafiri mzoefu hulitazama kabla ya mengine ni uzito.

Chombo huelea kwa sababu kinasukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake. Kila mzigo unapoongezwa huzama kidogo zaidi. Ubavuni mwa meli kuna alama ya duara lililokatwa na mstari, pamoja na mistari midogo pembeni, inayoonyesha kina cha mwisho kinachoruhusiwa. Alama hiyo huitwa mstari wa Plimsoll, kwa jina la mbunge Mwingereza Samuel Plimsoll, ambaye juhudi zake zilifanya sheria ipitishwe Uingereza mwaka 1876. Mistari ya maji matamu imewekwa juu kuliko ya maji ya chumvi, kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,025 na ya ziwa gramu 1,000. Meli ileile yenye mzigo uleule huzama zaidi ziwani kuliko baharini. Mwanafunzi yeyote wa fizikia akisimama gatini anaweza kuitazama alama hiyo na kujua kama imemezwa na maji.

Hata hivyo wingi wa mzigo si hatari peke yake. Mahali ulipowekwa ni muhimu vilevile. Magunia yaliyo chini huishikilia meli, na yakipangwa juu huinua kitovu cha uzito hadi meli ikilala upande mmoja haiwezi kurudi. Abiria nao ni mzigo, tena mzigo wenye miguu. Watu mia moja wakikimbilia upande mmoja wa kivuko kidogo kutazama kitu, wamehamisha tani kadhaa kwa nusu dakika.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyotengenezwa mwaka 1979 na kuruhusiwa kubeba abiria 430, ilipinduka asubuhi ikiwa inakaribia Mwanza kutoka Bukoba na Kemondo. Mamia ya watu walikufa. Makadirio mengi yanazidi 800. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443, idadi ambayo tayari ilizidi kiwango, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Meli ilipokuwa bado inaelea kifudifudi, tundu lilitobolewa ili kuwatoa waliokuwa ndani, lakini hewa iliyokuwa ikiishikilia ilitoka na meli ikazama kabisa. Wengi wa waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa Igoma, nje ya mji wa Mwanza.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa walikuwa 41. Idadi hizo mbili zikijumlishwa zinaonyesha kwamba chombo kilibeba zaidi ya mara mbili ya kiwango chake. Kulikuwa na hali ya hewa ya kawaida, na nchi kavu ilionekana kwa macho.

Kukataa kupanda chombo kilichojaa ni jambo rahisi kuandika. Aliye gatini na mgonjwa, au na samaki wanaoharibika, na chombo kingine kisichojulikana kitakuja lini, hana uhuru mkubwa. Usimamizi ndio unaopaswa kumwondolea uchaguzi huo. Kwa sasa kazi ya kukagua vyombo ni ya TASAC, shirika lililoanza kazi mwaka 2018, na abiria anaweza kulitolea taarifa.

Jaketi okozi na zoezi la dharura

Katika meli za kitalii za kimataifa abiria wote hukusanywa na kuonyeshwa mahali pao pa kukutania na namna ya kuvaa jaketi okozi. Ving'ora saba vifupi vikifuatwa na kimoja kirefu humaanisha dharura. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliotungwa kwanza mwaka 1914 baada ya ajali ya Titanic, uliruhusu zoezi hilo kufanyika ndani ya saa 24. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya kitalii Costa Concordia iligonga mwamba huko Italia na watu 32 wakafa. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda jioni hiyohiyo na hawakuwa wamepata zoezi. Tangu 2015 zoezi lazima lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka.

Ajabu ni kwamba wanaolikwepa zoezi hilo zaidi ni wale waliosafiri mara nyingi. Ziwani ni hivyohivyo: mgeni huuliza majaketi yako wapi, na mwenyeji humcheka. Mgeni ndiye mwenye haki. Anapaswa kulitafuta jaketi kabla ya giza, kulijaribu, na kuhesabu kwa mkono idadi ya milango au vitanda kati yake na ngazi, kwa sababu taa huzimika. Jaketi lisijazwe upepo mtu akiwa bado ndani ya chombo wala kuvaliwa kwa kufungwa nusu, na la mtu mzima halimfai mtoto mdogo kwani humponyoka. Anayejua kuogelea analihitaji pia: maji matamu humbeba mtu kidogo kuliko maji ya bahari, na nguo zilizolowa humchosha haraka.

Mtoto anayebebwa mgongoni huenda asitozwe nauli, lakini jina lake liandikwe. Katika ajali ya MV Nyerere hesabu ya abiria ilikuwa ngumu kwa sababu aliyekuwa akikata tiketi alizama pamoja na mashine yake. Kwa hiyo baadhi ya familia huwapigia ndugu zao simu kabla ya kuondoka na kutaja jina la chombo, saa na majina ya waliopanda.

Kushuka

Alfajiri Bukoba inapoonekana, watu huamka, hubeba vifurushi na kusogea wote upande wa gati. Mwendo huohuo, katika chombo kidogo kilichojaa, ni wa hatari, na ajali ya Ukara ilitokea chombo kikiwa kimebakiza umbali mdogo tu kufika. Wazoefu hubaki mahali pao mpaka kamba zimefungwa na ngazi imewekwa. Mzigo mkubwa hutolewa baadaye kwa stakabadhi, na mwenye mikungu ya ndizi ya kurudi nayo Shinyanga huuliza hapohapo siku ya meli inayofuata.