Rufiji Iliyonyamazishwa: Peter Hunt na Filamu ya Shout at the Devil

1.0 Utangulizi

Delta ya Rufiji, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti, iliingia katika sinema ya dunia mwaka 1976 kwa filamu ya Shout at the Devil. Mwongozaji wake alikuwa Mwingereza Peter Hunt (1925–2002), na mtayarishaji alikuwa Michael Klinger, aliyefanya kazi kwa kujitegemea. Makala haya yanachunguza namna mbinu za mwongozaji huyo zilivyoijenga delta katika picha huku zikiiacha bila lugha. Hoja inayotetewa ni kwamba uhalisi wa mahali katika filamu hutegemea sauti ya wenyeji kama unavyotegemea mandhari.

2.0 Kutoka Chumba cha Uhariri

Hunt alijifunza sinema akiwa mhariri. Ndiye aliyehariri filamu za mwanzo za James Bond, kuanzia Dr. No (1962), kabla ya kuongoza On Her Majesty's Secret Service (1969). Uhariri wake ulisifika kwa kasi: mhusika akiondoka mahali, mtazamaji humkuta amekwisha kufika aendako, na mwendo wa katikati hukatwa. Baada ya hapo alishirikiana na Klinger katika filamu mbili zilizotokana na riwaya za Wilbur Smith, yaani Gold (1974) na Shout at the Devil. Riwaya ya hiyo ya pili ilichapishwa mwaka 1968.

Mbinu hiyo inafaa sana hadithi ya msako. Hata hivyo, kinachokatwa, yaani safari, kazi na mazungumzo ya njiani, ndicho aghalabu hubeba maisha ya jamii. Aidha, Rufiji inayoonekana si Rufiji: filamu ilipigwa Afrika Kusini na Malta.

3.0 Historia na Hadithi

Msingi wa hadithi ni tukio la kweli. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikoko ya Rufiji, upande wa Salale. Vipuri vya mitambo yake vilivyoharibika vilikokotwa na umati wa Waafrika kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Manowari hiyo ilishambuliwa na Severn na Mersey mwezi Julai 1915, zikiongozwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia. Tarehe 11 mabaharia wake waliilipua wenyewe. Mizinga yake kumi iliopolewa ikaendelea kutumika katika vita vya nchi kavu.

Katika filamu, manowari inaitwa Blücher, na mwisho wake unaletwa na bomu lililotegwa na mashujaa wa kigeni walioigizwa na Lee Marvin na Roger Moore. Kwa mtazamo wa kiisimu, dhahiri zaidi ni mhusika Mohammed, mtumishi wa mwindaji haramu wa pembe. Mhusika huyu, aliye karibu zaidi na ulimwengu wa pwani, ni bubu, na aliyemwigiza ni Mwingereza, Ian Holm. Hivyo, tatizo la lugha halikutatuliwa bali liliepukwa: asiyesema hahitaji Kiswahili.

4.0 Lugha kama Mandhari

Kilichopotea kinaweza kutajwa. Kwa mgeni, mikoko yote ni msitu mmoja wa kujifichia. Kwa mkazi wa pwani kuna mkoko, mchu, mkandaa na mlilana, kila mti na kazi yake. Vivyo hivyo, dungu, kibanda kirefu cha kulindia shamba, na mlau, kilimo cha baada ya mafuriko kupungua, ni maneno yenye mpangilio mzima wa maisha ndani yake. Mwongozaji akiyasikia, huwa amepata mandhari, majira na migogoro ya hadithi. Asipoyasikia, hubaki na maji na miti.

Mfano wa njia nyingine upo. Amil Shivji, mwongozaji wa Kitanzania anayejitegemea, aliigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), kuwa filamu iliyooneshwa Toronto mwaka 2021. Hiyo nayo ni hadithi ya ukoloni iliyotoka kitabuni, lakini wahusika wake wanapenda, wanabishana na kupanga njama kwa Kiswahili. Mji wa Zanzibar unatambulika kwa usemi wao sawia na kuta zake.

5.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba ustadi wa Hunt haukutosha kuwapa watu wa Rufiji nafasi katika historia yao. Waliokokota vipuri hadi Dar es Salaam bado hawajapewa maneno katika sinema. Atakayetaka kuwapa hana budi kuanzia Salale na Kibiti, kwa wasemaji wa Kindengereko, Kirufiji na Kiswahili, kabla ya kuwasha kamera. Kazi hiyo ya kukusanya usemi ni wajibu wa wanaisimu pia, kwani mwongozaji hawezi kutumia msamiati ambao hakuna aliyeuandika.