Vipokezi vya Homoni: Maana ya "Chanya" na "Hasi" katika Upimaji wa Saratani ya Matiti

Miongoni mwa istilahi za maabara zinazomfikia msemaji wa kawaida bila ya kufafanuliwa ni "chanya" na "hasi". Makala haya yanakusudia kueleza maana zake katika kipimo kimoja tu, yaani kile cha vipokezi vya homoni katika saratani ya matiti, ambapo neno lisipoeleweka mgonjwa huweza kuiacha tiba iliyomfaa.

Seli za titi hukua kwa kuamrishwa na homoni, hususan estrojeni na projesteroni, zinazosafiri katika damu. Hata hivyo, homoni haiamrishi kila seli inayokutana nayo. Huiamrisha ile tu iliyo na protini ya kuipokea, mithili ya kufuli na ufunguo wake. Protini hiyo ndiyo kipokezi. Saratani nyingi za matiti huwa na vipokezi hivi, na kwa hiyo hustawi kwa homoni za mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Athari hii ilionekana kabla ya sababu yake kujulikana. Mnamo 1896 George Beatson, daktari wa Glasgow, alieleza jinsi saratani ya titi ilivyonywea baada ya mgonjwa kuondolewa ovari. Ilibidi kungojea hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago alipoanza kuonyesha kwamba estrojeni hushikwa na kipokezi ndani ya seli.

Siku hizi kipimo hufanywa kwa kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa upesi katika formalini. Kipande hukatwa vyembamba, kisha hutiwa kingamwili zinazokishika kipokezi na kukifanya kionekane kwa rangi. Mtaalamu hutazama kwa hadubini na kukadiria viini vya seli za saratani vilivyoshika rangi. Vikifika asilimia 1 au zaidi, jibu huwa "chanya". Vikipungua hapo, huwa "hasi".

Hapa ndipo lugha inapoleta utata. Katika mazungumzo ya kila siku, "mtazamo chanya" ni mtazamo mwema. Katika upimaji wa UKIMWI, "chanya" ni habari nzito. Mgonjwa wa saratani husikia mojawapo ya maana hizo, ilhali maabara haikukusudia hata moja. Imesema tu kwamba kipokezi kimeonekana. Maana yake kitiba ni kwamba zipo dawa zinazoweza kufaa: tamoksifeni, ambayo hukizuia kipokezi kisishikwe na estrojeni, na nyinginezo ambazo hupunguza utengenezaji wa estrojeni kwa wanawake waliokoma hedhi. Dawa hizi aghalabu humezwa kwa miaka 5 au zaidi. Asiyejua sababu yake ni rahisi kuziacha njiani.

Hatari ya "hasi" ni kubwa zaidi. Aliyezoea kwamba "hasi" ni kutokuwa na ugonjwa aweza kudhani hana saratani, akarudi nyumbani. Kumbe saratani ipo. Kisichokuwapo ni kipokezi, na matibabu ya namna nyingine, kama vile upasuaji na dawa za kuua seli za saratani, yahitajika bila ya kukawia.

Kuhusu istilahi yenyewe, "kipokezi" lafaa kuliko "kipokeo". Limeundwa kwa kitenzi "pokea" kama "mlezi" lilivyoundwa kwa "lea", na kiambishi ki- chaonyesha kuwa ni kitu. "Kipokeo" tayari lina kazi katika ushairi, ambako ni sawa na kibwagizo.

Ama "chanya" na "hasi", si lazima zifutwe katika hati za maabara. Lakini zinapomfikia mgonjwa, hazina budi kufuatwa na sentensi kamili yenye kiima chake: "Saratani ipo, na vipokezi vya homoni vimeonekana", au "Saratani ipo, bali vipokezi vya homoni havikuonekana". Kivumishi kikiachwa bila ya nomino yake, msikilizaji huitafuta mwenyewe. Na katika jambo hili, nomino aipatayo kwa kubahatisha yaweza kumwangamiza.