Mwaka 1974: Chui wa Zaire Kileleni na Bondeni

Ni timu chache za kandanda zilizopanda na kuporomoka ndani ya mwaka mmoja kama Chui wa Zaire, nchi ambayo leo yaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Machi 1974 walikuwa mabingwa wa Afrika; ilipofika Juni walikuwa kichekesho cha ulimwengu. Wengi hukumbuka kicheko hicho, lakini ni wachache waijuao sababu yake.

Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Misri. Zaire iliwatoa wenyeji kwa mabao 3-2 katika nusu fainali, kisha ikakutana na Zambia mjini Cairo. Mchezo ulikwisha kwa sare ya 2-2, hata baada ya muda wa nyongeza, ukarudiwa siku mbili baadaye. Zaire ikashinda 2-0. Mabao yake yote manne yalitiwa wavuni na mtu mmoja, Ndaye Mulamba, aliyefikisha mabao 9 katika mashindano hayo. Hadi leo hakuna aliyeifikia idadi hiyo katika fainali za mwaka mmoja.

Ng'ambo ya Mto Kongo nako kulikuwa na shangwe mwaka huo. CARA ya Brazzaville ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika kwa kuishinda Mehalla ya Misri, ambayo ilikuwa imeitoa Simba ya Dar es Salaam katika nusu fainali. Ulaya, Bayern Munich iliponea chupuchupu mbele ya Atletico Madrid: beki Georg Schwarzenbeck alisawazisha muda wa nyongeza ukiyoyoma, na katika marudiano Bayern ikashinda 4-0.

Mwezi Juni Zaire iliwasili Ujerumani Magharibi, ikiwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kushiriki fainali za Kombe la Dunia. Ilifungwa na Scotland 2-0, na hiyo haikuwa aibu. Baada ya hapo wachezaji walipata habari kwamba marupurupu waliyoahidiwa hayangewafikia. Walitishia kugoma. Mwishowe waliingia uwanjani, lakini mioyo haikuwamo. Yugoslavia ikawatandika mabao 9-0, na Ndaye akatolewa nje kwa kosa lililotendwa na mwenzake.

Kwa maelezo ya beki Ilunga Mwepu, watu wa Rais Mobutu waliwaonya wasithubutu kufungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu. Wakafungwa matatu. Katika mchezo huo Brazil ilipokuwa ikijiandaa kupiga mpira wa adhabu, Mwepu alichomoka kwenye ukuta wa wenzake akaubutua mbali. Ulimwengu ukacheka, ukidai kwamba Waafrika hawajui sheria za mchezo. Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kwamba sheria alizijua vema. Alifanya makusudi kwa hasira, kwa kuwa waliofaidi jasho lao walikuwa wameketi jukwaani.

Yafaa tukumbuke kwamba Wajerumani nao waligombana na viongozi wao juu ya malipo kabla ya mashindano kuanza, hata kocha Helmut Schön akakaribia kufungasha mizigo. Lakini kwao nahodha Franz Beckenbauer alisikilizwa, mapatano yakapatikana, na timu ikaingia vitani ikiwa moja. Tarehe 7 Julai mjini Munich, Uholanzi ilipata bao la penalti kabla Mjerumani yeyote hajaugusa mpira. Hata hivyo wenyeji hawakuvunjika moyo; walishinda 2-1.

Mwepu alifariki mwaka 2015. Ndaye, baada ya kuishi miaka mingi katika dhiki ugenini, alifia Afrika Kusini mwaka 2019. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Askari na jamaa zake wanaijua maana ya neno hilo: anayetumwa mbele kwa jina la taifa ana wajibu wa kujitoa, na aliyemtuma ana wajibu wa kumpa haki yake kabla ya kumdai ushindi.