Maana za Neno la Kiingereza "Extra"

Neno la Kiingereza "extra" limekwisha zoeleka vinywani mwa watu wengi, hata wale ambao hawakusoma Kiingereza sana. Mchuuzi hulitaja anapotia nyanya moja juu ya fungu. Karani huliandika chini ya hati ya malipo. Vijana huliimba uwanjani mpira unapokwisha sare. Aghalabu mtu akiulizwa maana yake hujibu, "Ni ziada," kisha huona kwamba amekwisha lieleza. Jibu hilo si kosa, lakini ni nusu ya jibu, na nusu iliyosalia ndiyo inayowagharimu watu fedha.

Asili ya neno hili ni Kilatini, na huko maana yake ni "nje ya" au "kupita mpaka". Waingereza walikuwa na neno refu, "extraordinary", yaani lililo nje ya kawaida, na yamkini katika karne ya 17 na ya 18 walilikata wakabaki na kichwa chake tu. Kwa hiyo Mwingereza anaposema "extra" hasemi kwamba kitu ni kingi. Asema kwamba upo mpaka uliokwisha wekwa, wa bei, wa saa au wa idadi, na kitu hicho kimekaa upande wa nje. Mkulima mwenye magunia 100 ya mahindi hana "extra" yoyote mpaka ijulikane nyumba yake hula magunia mangapi.

Kiswahili hugawanya mambo haya kwa uangalifu zaidi. Kilichozidi hesabu ni ziada. Kilichosalia baada ya matumizi ni baki. Kilichowekwa kwa ajili ya kesho ni akiba. Akitiacho muuzaji kwa hiari yake baada ya kupima ni nyongeza. Na apewacho mtumishi juu ya ujira wake ni bakshishi. Mwingereza huweza kuita ziada, nyongeza, na hata bakshishi, kwa neno hilo moja la "extra". Akiba ana neno jingine kwake: gurudumu lichukuliwalo ndani ya gari kwa ajili ya ajali huitwa "spare", na hapo ndipo mafundi walipolipata neno "spea".

Basi shida huanzia penye fedha, kwa kuwa neno "extra" halisemi ni nani atakayelipa. Nyongeza ya sokoni ni zawadi, na mnunuzi aliyeizoea akiona "extra" hudhani kwamba amepewa. Katika hati za bei mambo huwa kinyume. Tangazo la nyumba ya wageni likisema "Breakfast extra", maana yake si kwamba mgeni atapewa chakula cha asubuhi juu ya malazi. Maana yake ni kwamba bei ya chumba haikuhesabu chakula hicho, naye akila atalipa mbali. Vivyo hivyo "Delivery extra" katika hati ya muuza mabati: bei iliyoandikwa ni ya mabati yakiwa dukani, na gharama ya gari la kuyafikisha nyumbani ni juu ya mnunuzi. Mzazi aletewaye barua ya shule yenye orodha iitwayo "extras" na afahamu kwamba vitu hivyo havimo ndani ya karo. Neno hili likifuata jina la kitu katika orodha ya bei, karibu kila mara ni deni.

Likitanguliwa na "no", kama katika "no extra charge", hapana malipo zaidi. Na likiandikwa pamoja na "free" juu ya mfuko wa sabuni, hapo kweli kitu kimetolewa bure. Ila ni vema kutazama na uzito, maana herufi za "free" huwa kubwa kuliko za uzito.

Mwenye kazi ya ujira naye ana sababu ya kulitazama neno hili vizuri, kwani "extra work" si lazima iwe "extra pay". Aambiwapo abaki kwa ajili ya "extra work", yampasa kwanza kuuliza kazi hiyo i nje ya mpaka gani. Nchini Kenya kanuni za jumla za ujira, kwa wale ambao kazi yao haina amri yake mbali, huweka wiki ya kawaida kuwa ya saa 52 katika siku 6. Saa zinazozidi hapo hulipwa kwa ujira wa saa moja na nusu kwa kila saa, na kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa mara mbili. Lakini kama ni kazi nyingine ndani ya saa zile zile, neno "extra" peke yake halimpatii hata senti.

Uwanjani maana ni nyepesi. "Extra time" si zile dakika chache ambazo refa huongeza kufidia wakati uliopotea; ni nusu saa kamili, vipande viwili vya dakika 15. Ndivyo ilivyokuwa Wembley tarehe 30 Julai 1966, Uingereza na Ujerumani Magharibi walipomaliza dakika 90 wakiwa 2 kwa 2, na Uingereza wakatwaa Kombe la Dunia kwa 4 kwa 2. Katika mchezo wa kriketi "extras" ni mikimbio ambayo timu huhesabiwa bila mpigaji kuigonga mpira kwa gongo lake. Mtu asimamaye nyuma katika sinema kama mmoja wa umati naye huitwa "extra".

Mara nyingine neno halina habari ya ziada kabisa, bali lamaanisha "sana" tu: shati la "extra large" ni kubwa sana, wala hakuna kitambaa kilichobaki. Na katika miaka ya karibuni vijana wasemao Kiingereza humwita "extra" mtu mwenye mbwembwe zipitazo kiasi.

Lakini neno la kuogopwa ni lile refu lililozaa hili fupi. Anayejua "extra" mbali na "ordinary" mbali, akiyaunganisha hupata "ya kawaida sana", nayo ni kinyume cha maana yake. Mwenye hisa akipokea barua ya "extraordinary general meeting" anaitwa katika mkutano ulio nje ya ule wa kila mwaka, kwa sababu lipo jambo lisiloweza kungoja: kuuza mali, kuongeza hisa, au kubadili katiba ya kampuni. Jambo lenyewe huandikwa katika barua hiyo hiyo, na uamuzi utakaopitishwa kwa kura za waliofika humfunga hata yeye aliyebaki nyumbani.