Kushindika, Kukomea na Kukomoa: Mlango wa Kuzuia Maji na Maneno Yake

Utangulizi

Mashua zinazochukua wavuvi na watalii katika ufuko wa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, ni vyombo vya wazi. Hazina sitaha wala vyumba vya chini, na kwa hiyo hazina milango. Maji yakiingia upande wa omo hufika tezi papo hapo, na dawa yake ni kuyateka kwa kopo na kuyamwaga. Hata hivyo, ziwa hilo limewahi kupokea vyombo vya namna nyingine. Katika miaka ya 1930 na 1940 ndege kubwa kutoka Uingereza zilitua juu ya maji yake. Tumbo la ndege hizo liliundwa kama la mashua, na mlango wake ulipaswa kufungwa barabara kabla ya ndege kukimbia majini.

Wakazi wa Karagita, ambao wengi wao walihamia huko kutoka pande mbalimbali za Kenya kwa ajili ya kazi katika mashamba ya maua, hukutana katika Kiswahili. Baadhi yao husafiri katika meli za Ziwa Viktoria au za bahari, na wengine huajiriwa humo. Huko ndiko wanakokutana na mlango wa kuzuia maji. Makala haya yana nia ya kueleza jinsi mlango huo unavyofungwa na unavyofunguliwa wakati wa hatari. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuueleza, mradi maneno hayo yasichanganywe.

Kiambaza na chumba

Mlango hauna maana pasipo ukuta. Jahazi la mwambao lina ngama moja inayotoka omo hadi tezi. Usalama wake hutegemea mbao zilizokazwa na kutiwa kalafati, na maji machache yapenyayo hukusanyika katika banduru yakatekwa kwa upo. Ubao mmoja ukivunjika, chombo chote hujaa.

Mafundi wa China walilitatua tatizo hili karne nyingi zilizopita kwa kuigawa ngama. Jahazi la kale lililofukuliwa Quanzhou mwaka 1974 lilikuwa na viambaza 12 vilivyoligawa katika vyumba 13. Kanuni yake ni nyepesi kueleweka: maji yaliyoingia chumba kimoja yabaki humo, na hewa iliyo katika vyumba vingine iendelee kukieleza chombo.

Katika meli za chuma zenye mashine, kanuni hiyo ilizaa shida mpya. Mafundi wa mitambo hawana budi kupita kutoka chumba hadi chumba, na kwa hiyo viambaza vilitobolewa milango. Yafaa ikumbukwe, basi, kwamba mlango wa kuzuia maji ni tundu lililoruhusiwa kwa sharti kwamba litazibwa kwa wakati.

Meli ya Titanic, iliyozama Aprili 1912, ilikuwa na viambaza 15 vilivyofanya vyumba 16. Milango yake ya chini kabisa ilishuka kutoka juu kwa uzito wake yenyewe. Kila mmoja ulishikiliwa na sumaku ya umeme, na nahodha aliweza kuiachia yote kwa swichi moja. Palikuwa pia na wenzo wa mkono mlangoni, na boya chini ya sakafu ambalo lingeinuliwa na maji na kuuangusha mlango hata kama hakuna mtu. Wafanyakazi waliofungiwa ndani waliwekewa ngazi za kupandia juu. Mitambo hiyo ilifanya kazi yake usiku ule. Kilichoiponza meli ni kwamba vyumba vilivyopasuka vilikuwa vingi kuliko ilivyoweza kuvumilia, na viambaza vyenyewe havikupanda juu vya kutosha. Omo ilipoinama, maji yalifurika juu ya kiambaza kimoja na kuingia chumba cha pili.

Namna mlango unavyofungwa

Milango ya kuzuia maji ni ya aina kuu mbili. Ya kwanza ni mlango wa bawaba. Ukingo wake una mfereji uliojazwa mpira, na fremu yake ina ncha nyembamba ya chuma inayozama kidogo katika mpira huo. Kuuegemeza mlango kwenye fremu hakutoshi, kwa maana mpira usioshindiliwa hupitisha maji. Kwa hiyo mlango huzungukwa na makomeo kadhaa ya chuma, na kila komeo huubana ukingo kwa nguvu. Katika milango mingine makomeo yote huendeshwa pamoja kwa gurudumu moja la katikati.

Kuna utaratibu wa kukomea. Mabaharia hufundishwa kuanza na komeo lililo upande usio na bawaba, kwa nguvu kidogo tu ya kuushika mlango, kisha kuyakaza mengine kwa usawa ili mpira ubanwe sawasawa pande zote. Ili kuukagua mlango, ncha ya fremu hupakwa chaki, mlango ukakomewa na kufunguliwa tena. Mstari wa chaki juu ya mpira ukiwa umekatika mahali, hapo ndipo maji yatakapopita.

Aina ya pili ni mlango wa kuteleza, unaosukumwa na mafuta yaliyoshindiliwa katika mabomba. Huu ndio uwekwao katika vyumba vya chini vya meli kubwa za abiria. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini ulianza mwaka 1914 kutokana na msiba wa Titanic, na toleo linalotumika leo ni la mwaka 1974 pamoja na marekebisho yake. Mkataba huo unataka milango hiyo yote iweze kufungwa kwa pamoja kutoka chumba cha nahodha katika muda usiozidi sekunde 60, meli ikiwa wima. Unataka pia iweze kufungwa hata meli ikiwa imeinama nyuzi 15. Kabla mlango haujaanza kusogea, kengele yake ilie kwa sekunde 5 mpaka 10, na iendelee kulia hadi umefungwa kabisa. Mbele ya nahodha, taa nyekundu huonyesha mlango ulio wazi kabisa, na ya kijani huonyesha uliofungwa kabisa.

Namna unavyofunguliwa katika hatari

Hapa ndipo mlango huu unapotofautiana na milango ya nyumbani. Chumba cha kupanga aghalabu huwa na mlango wenye komeo kwa ndani na kufuli kwa nje. Aliye nje hawezi kuliondoa komeo, na aliye ndani hawezi kuliondoa kufuli. Huo ni ulinzi dhidi ya mwizi. Adui wa mlango wa meli ni maji, na maji hayajui kuvuta wenzo. Kwa sababu hiyo hakuna haja ya kumzuia binadamu asiufungue. Sheria inataka wenzo uwepo pande zote mbili za kiambaza, na pawepo pia njia ya kuuendesha mlango kwa mkono, pande zote mbili, iwapo umeme umekatika. Mlango uweze kufungwa kwa mkono vilevile kutoka mahali palipo juu ya sitaha ya viambaza. Tena mafuta yaliyowekwa akiba yatoshe kuufunga, kuufungua na kuufunga tena bila msaada wa pampu.

Jambo jingine linalostahili kuangaliwa ni kwamba nahodha anaweza kuifunga milango akiwa mbali, lakini hawezi kuifungua. Kuifungua ni kazi ya mtu aliye mlangoni, anayeona kilichopo. Nahodha akishatoa amri ya kufunga, mtu aliyebaki ndani bado anaweza kuvuta wenzo na kupita, na mlango hujifunga tena mara auachiapo. Nyenzo za pande mbili zimepangwa ili apitaye aweze kuzishika zote mbili. Ashikaye mmoja tu huku amebeba mzigo kwa mkono wa pili huweza kupondwa, kwa kuwa mlango huo umeundwa kusukuma maji na hautofautishi maji na mwili wa mtu.

Hata hivyo, wenzo una mpaka wake. Mlango wa bawaba wenye upana wa sentimita 70, maji yakifika nusu mita tu upande mmoja, husukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 87 hivi. Yakifika mita 1.8, nguvu hiyo hupita tani moja. Hakuna bega la kushindana nayo. Kwa hiyo afunguaye mlango asiojua kilicho nyuma yake huanza kulegeza makomeo ya upande wa bawaba, pole pole, huku yale ya upande wa pili yakiendelea kuushika. Maji yakichuruzika, huyakaza upya. Na aliye ndani ya chumba kinachojaa hutafuta ngazi ya juu mapema, kabla mlango haujawa ukuta.

Ushahidi wa misiba

Tarehe 6 Machi 1987 meli ya Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya omo ikiwa wazi. Aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala, na nahodha hakuwa na taa ya kumwonyesha. Watu 193 walikufa. Tarehe 28 Septemba 1994 meli ya Estonia ilizama katika Bahari ya Baltiki na kuua watu 852. Humo mlango wa omo ulikuwa umefungwa na kukomewa, lakini makomeo yalivunjwa na mawimbi. Msiba wa kwanza ni wa mlango usiofungwa. Wa pili ni wa komeo lisilotosha.

Ziwa Viktoria lina mafunzo yake. Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Sehemu ya tumbo lake ilibaki juu ya maji kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani. Waokoaji walipolikata tundu ili kuwatoa waliokuwa hai, hewa ilitoka na meli ikazama. Ufunguzi usiozingatia hewa huua kama maji. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 200 walikufa. Lakini siku mbili baadaye mhandisi mmoja alitolewa akiwa hai. Viongozi walieleza kwamba alikuwa amejifungia katika chumba kilichobaki na hewa.

Maneno

Mabaharia wakiambiwa "funga mlango", wameambiwa nini? Kitenzi "kufunga" hubeba vitendo vitatu. Cha kwanza ni kuuleta mlango mahali pake bila kuutia kizuizi, na Kiswahili hukiita "kushindika". Cha pili ni kuubana kwa komeo, yaani "kukomea". Cha tatu ni kutia kufuli, ili asiye na ufunguo asipite. Katika nyumba, kuvichanganya vitendo hivi si kosa kubwa. Melini, mlango ulioshindikwa tu huonekana umefungwa ilhali utapitisha maji, na mlango uliotiwa kufuli ni kaburi la aliye ndani.

Sarufi yenyewe inasaidia. Kauli ya kutendua humpa kila mfungaji mfunguaji wake: funga na fungua, ziba na zibua, komea na komoa. "Komoa" ni neno la zamani, linafahamika, na mojawapo ya maana zake ni kuondoa komeo. Linafaa kabisa kuandikwa juu ya wenzo wa dharura kuliko "fungua", ambalo halimwelezi msafiri aanzie wapi. Katika Kenya, ambako Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hakuna sababu ya maelezo ya aina hii kuandikwa kwa Kiingereza pekee.

Hitimisho

Haya si mambo ya meli kubwa tu. Baadhi ya mashua za kisasa za plastiki ngumu, za aina itumikayo katika maziwa, huundwa zikiwa na vyumba vya hewa vilivyozibwa chini ya viti au katika omo, na chumba kama hicho huweza kuwa na kifuniko cha kukagulia. Kifuniko kilichoshindikwa na kusahauliwa baada ya usafi hukigeuza chumba cha hewa kuwa ndoo. Kwa hiyo mwenye mashua akipitisha mkono juu ya kila kifuniko kabla ya kuondoka, atakuwa amefanya kwa dakika moja kazi ileile ambayo taa ya kijani humfanyia nahodha. Maagizo yanayofaa mlango mkubwa yanafaa pia kifuniko kidogo, na yanaweza kuandikwa kwa maneno machache: shindika; komea pande zote kwa usawa; usitie kufuli; katika hatari, komoa kwanza upande wa bawaba.